Shingo ya Mwalimu

Chuoni, Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako, ambaye leo ana hasira mpaka nywele zinamwasha. Mimi mzima, kazi ipo, chaki ipo, ila akili za wanafunzi ziko likizo.

Hebu nikusimulie ucheke. Nimemaliza kusahihisha mtihani wa mwaka wa kwanza, hawa wanaosomea uuguzi. Swali la nne lilikuwa la bure kabisa: chora shingo kwa mbele, taja sehemu zake. Koo la hewa, ile tezi iliyokaa kama kipepeo, mishipa miwili mikubwa ya damu huku na huku, basi. Maneno yenyewe nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu, wameyaimba mpaka yamekuwa wimbo. Sasa nafungua karatasi ya kwanza, naona upande wa kushoto wa tezi kuna kidude cha mviringo, na mshale, na neno "gegedu". Nikakata kwa kalamu nyekundu. Karatasi ya pili, kidude, mshale, gegedu. Ya tatu vilevile. Thelathini na wawili, Sindano! Wote kidude kilekile, mahali palepale. Gegedu ni ule mfupa laini wa sikio lako na ncha ya pua yako. Gegedu gani hiyo inayoota upande mmoja wa shingo peke yake? Nimewapa sifuri wote, hata yule msichana wa dirishani ambaye hajawahi kukosa.

Na usiseme wameibiana. Niliwakalisha mbalimbali, na mimi nikatembea katikati yao kama askari.

Unajua ninavyofundisha. Neno haliingii kichwani kama halijapitia kwenye vidole. Ile sanamu ya plastiki ya chuo ilipoteza kichwa na shingo kabla hata sijaajiriwa, kimebaki kiwiliwili, kwa hiyo tukifika shingoni sanamu inakuwa mimi. Nakaa kwenye stuli, nafumba macho, wanapita mmoja mmoja nyuma yangu, wanaweka vidole na kusema, "Meza mate, mwalimu." Nameza, tezi inapanda, wanataja neno kwa sauti, anafuata mwingine. Januari na Februari nimemeza mate mpaka kinywa kikakauka. Halafu malipo yangu ndiyo haya.

Kusema kweli naogopa kidogo. Hawa ndio watakaotushika mimi na wewe tukizeeka. Wakishachora kisichokuwepo, kilichopo watakiona lini?

Mpwa wangu anaendeleaje na shule? Mwambie shangazi hapana, mama mkubwa, anamsalimu. Unaona, hata ukoo nimeanza kuuchanganya kwa hasira.

Dada yako,
Msomi


Nyumbani, Jumamosi, 9 Machi

Dada Msomi,

Barua yako nimeisomea wateja wawili hapa dukani, tumecheka mpaka mmoja akasahau kilichomleta. Pole na sifuri zako. Mwanangu mzima, anakusalimu, anasema yeye ukimpa sifuri anahama nchi.

Lakini hebu nikuulize mimi nisiye na shule. Watu thelathini na wawili hawaoti ndoto moja. Mimi wakija wateja kumi wiki moja, wote wanalalamika kwapa linabana, siendi kuwapima makwapa upya. Naenda kuangalia karatasi yangu ya kukatia. Sasa wewe umewapa sifuri, je, umewauliza wamekiona wapi? Waulize taratibu, bila yale macho yako. Nakujua mimi, ukiuliza kitu mtu anasahau hata jina la baba yake.

Halafu mbona siku hizi hupigi simu? Barua nazipenda, usinielewe vibaya, lakini sauti yako nimeikumbuka. Piga hata ugombe.

Mdogo wako,
Sindano


Chuoni, Alhamisi, 14 Machi

Sindano,

Niliwauliza. Wamenijibu. Tuyaache hayo.

Nina shida na wewe kama fundi. Naomba unishonee magauni matatu ya kazini yenye kola ya juu, ya kufika chini ya kidevu, yenye vifungo. Kitambaa chagua wewe, kisiwe chepesi cha kuonyesha. Huku kuna baridi siku hizi, darasa langu lina upepo mbaya. Yatume kwa basi mara tu utakapomaliza, na kama unaweza moja litangulie.

Simu sipigi kwa sababu mafua yameniharibu sauti.

Dada


Bwenini, Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Nakuomba radhi kwa kupitisha barua chini ya mlango wa ofisi yako. Nimekuja mara tatu kubisha, mkono ukakataa. Mimi ni yule wa kiti cha dirishani.

Juzi ulipotuuliza tumeona wapi ile gegedu, darasa zima lilimwangalia kiranja. Kiranja akasimama akasema, "Kwako, mwalimu. Shingoni kwako." Uliweka mkono shingoni, ukautoa upesi, ukageuka ukaanza kuandika ubaoni maneno ya mguu. Tangu hapo hujakaa kwenye stuli tena, na ukipita karibu yetu unainua mabega. Wenzangu wanasema umekasirika. Mimi nadhani umeogopa, na mimi pia naogopa, ndiyo maana naandika.

Mwalimu, mimi nilijua tangu Januari. Siku ile ya kwanza mwenzetu mmoja aliuliza, "Mwalimu, hiki kigumu kidogo hapa kinaitwaje?" Wewe ulikuwa umefumba macho, mwenyewe hukujishika, ukadhani amegusa koo la hewa, ambalo limejengwa kwa gegedu. Ukajibu, "Gegedu, twende, anayefuata." Akataka kuuliza tena, ukasema anayeuliza jambo lililokwisha jibiwa mlango uko pale. Basi tukaandika.

Nilipofika bwenini nikajishika shingo, sikukipata. Nikaogopa sana. Nikadhani mimi ndiye mgonjwa, kwamba nimezaliwa bila kitu ambacho mwalimu anacho. Nikamshika mwenzangu wa kitanda cha juu, hana. Nikashika shingo kumi na moja kwenye bweni letu, nikisingizia nafanya mazoezi. Hakuna hata mmoja. Ndipo nikaelewa kwamba aliye tofauti ni wewe.

Sikusema. Niliona nitaonekana najifanya najua kuliko mwalimu. Na kwenye mtihani niliandika gegedu kama wengine, huku najua si gegedu. Hiyo sifuri yangu ni halali. Nisamehe, mwalimu. Silali vizuri.

Mwanafunzi wako,
wa dirishani


Ofisini, Jumatatu, 18 Machi

Kwako wa dirishani,

Kwanza, barua za wanafunzi kwa walimu hupitia kwa kiranja, si chini ya mlango. Pili, mwanafunzi hafanyi uchunguzi wa mwili wa mwalimu wake halafu akautangaza bwenini. Tatu

Nimekaa dakika nyingi nikitafuta hiyo tatu. Sina.

Hukukosea wewe. Nilikosea mimi, tena kosa ambalo ningemfukuza nalo mtu chuo: nimetaja kitu bila kukigusa. Thelathini na wawili mlinishika, mkaniambia, na mimi nikawapa neno la kuwanyamazisha.

Sasa nina ombi ambalo mwalimu haliombi. Nikijishika mwenyewe vidole vinakufa ganzi. Nimejaribu mbele ya kioo jana na leo, nikifika pale mkono unashuka wenyewe, wala siutumi. Najua kila kitu kilichomo kwenye shingo ya binadamu, shingo yangu siwezi kuigusa. Wewe vidole vyako vilipita pale mara nne. Niandikie vilichokiona. Kilikuwa kikubwa kiasi gani Januari, na kiasi gani siku ya mwisho? Kigumu au kinabonyea? Nikimeza mate kinapanda pamoja na tezi au kinabaki? Kuna kingine karibu? Tumia maneno niliyokufundisha, usinionee huruma. Jibu lipitishe chini ya mlango.

Mwalimu wako


Bwenini, Jumanne, 19 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Nakujibu kama ulivyoagiza.

Upande wa kushoto wa tezi, sehemu ya chini. Januari kilikuwa kama punje ya mtama. Siku ya mwisho, wiki ya mwisho ya Februari, kama harage. Kigumu, hakibonyei. Hakikuumi, maana nilibonyeza na hukukunja uso. Ukimeza kinapanda na tezi.

Kingine kipo. Juu ya mtulinga, upande uleule, kidogo sana, kinateleza chini ya kidole. Hicho nilikipata mara ya nne tu. Darasani sikumwambia mtu, na kwenye mchoro sikukiweka.

Mwalimu, nenda hospitali. Nakusihi kama mtoto anavyomsihi mzazi. Kesho Jumatano huna kipindi, nimeangalia ratiba. Mimi nitakusubiri getini saa moja asubuhi, na kama hutaki nikusindikize nitatembea nyuma yako kwa mbali.

Wa dirishani


Nyumbani, Jumatano, 20 Machi

Dada,

Kola ya kufika kidevuni? Joto hili? Huku watu wanakuja niwakate mikono ya mashati, wewe unataka kufungwa shingo kama kifurushi cha posta. Na mafua gani ya kukuharibu sauti wiki nzima? Dada, ninyi wasomi mnajua mengi ila kudanganya hamkufundishwa.

Kola za namna hiyo nimewahi kushona kwa mtu mmoja tu. Zilikuwa sita. Nilikuwa na miaka kumi na minane, ndiyo kwanza najifunza cherehani, na aliyeniagiza alisema hivyohivyo, kwamba anasikia baridi. Alikuwa mama.

Sasa nakwambia, na ukinichukia nichukie, lakini soma mpaka mwisho. Mama hakufa kwa homa ya mapafu. Alikuwa na uvimbe shingoni. Mimi ndiye niliyekuwa nampima kwa utepe. Kola ya kwanza ilikuwa inchi kumi na tatu na nusu, ya sita ilikuwa kumi na sita na ushei. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Akijua atarudi, na akirudi hamalizi." Ulikuwa umebakiza mtihani wa mwisho. Siku tuliyokwenda naye kwa daktari aliniambia nikae nje kwenye benchi, nikakaa. Alipotoka alisema, "Wamesema ni uzee," nami nikakubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi. Hiyo homa ya mapafu niliitunga mimi jikoni, baada ya mazishi, nikakuandikia. Miaka ishirini naibeba. Kila ukiniandikia habari za mwili na magonjwa naikunja barua upesi, nikijua nimekuficha jambo hilo.

Sijashona hata gauni moja. Chukua utepe, zungusha shingo mahali palipo panene, niandikie kipimo. Usinidanganye hata robo inchi. 

Sindano


Chuoni, Alhamisi, 28 Machi

Sindano,

Kumi na nne na robo.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa chini sakafuni. Mara nne nimeanza kukujibu na mara nne nimechana. Kwenye ya kwanza nilikuita mwongo na mengine ambayo dada hamwiti mdogo wake. Ulimwacha mama akafa kwa kitu ambacho mimi ningekijua kwa jina! Halafu nikakumbuka kwamba changu kimepitiwa na mikono thelathini na miwili na mimi mwenye majina yote nimekiita gegedu. Basi sina mdomo wa kukusema. Nina hasira bado, lakini itakaa pembeni kwanza.

Hospitali nimekwenda. Mwanafunzi mmoja alinisubiri getini, akatembea nyuma yangu kama alivyoahidi, hatua kumi, hakuongeza wala kupunguza, mpaka nikamwita tukaenda sambamba. Muuguzi aliyenipokea nilimfundisha zamani. Aliponishika shingo akaanza kutaja sehemu kwa sauti, moja baada ya moja, kama darasani, bila kujijua. Alipofika kushoto akanyamaza. Sindano, nimewafundisha watu miaka kumi na tisa kutaja, sikujua kunyamaza kwao kunatisha namna ile.

Waliingiza sindano nyembamba, wakavuta vichembe, wakavipeleka maabara. Jana nimepewa majibu kwenye bahasha iliyofungwa, imeandikwa juu: daktari wa upasuaji. Nilitakiwa kuvuka ukumbi tu, mlango wa tatu kulia. Nikavuka, nikaupita, nikatoka nje, nikarudi nyumbani nayo.

Nikueleze kwa nini, maana usinione mjinga. Mgonjwa mwingine akiifungua ataona maneno marefu, atamuuliza daktari, daktari atayalainisha. Mimi hakuna wa kunilainishia. Nitaelewa kabla sijafika mwisho wa mstari. Na kuna jambo jingine, hili ndilo linalonikaba zaidi ya kifo chenyewe. Nyuma ya tezi ile, kila upande, inapanda neva moja nyembamba kama uzi wako wa pindo. Ndiyo inayoendesha sauti. Kila mwaka nawaambia wanafunzi, kisu kikiiparua hiyo mtu anabaki kunong'ona maisha yake yote, na huwa nasema huku nacheka ili wakumbuke. Mimi bila sauti nitakuwa nani? Nimeharibu ndoa kwa sauti hii, nimelea madarasa kumi na tisa kwa sauti hii. Ndiyo maana sikupigii simu. Mafua hayapo. Nilijua ukinisikia tu utajua naogopa.

Kwa hiyo nimekuwekea bahasha humu ndani. Wewe huyajui maneno yake, hayatakuuma. Ifungue, isome polepole, au kampe daktari yeyote wa huko, kisha niandikie kwa maneno yako ya nyumbani.

Na wewe fanya hivi leo, wewe na binti yako. Kaeni mbele ya kioo cha dukani. Inua kidevu. Vidole vitatu kila upande, chini kidogo ya pale koo linapotokeza. Meza mate. Kinachopanda ni tezi, ndivyo inavyotakiwa. Laini ni sawa. Pande mbili zifanane. Kisha shuka mpaka juu ya mtulinga, ule mfupa unaokutana na kola, pasiwe na kitu kinachoteleza. Usitaje kitu usichokigusa. Niandikie.

Dada yako mwoga


Nyumbani, Jumanne, 2 Aprili

Wewe mwanamke!

Bahasha ya daktari unaituma kwa fundi cherehani? Kwa basi? Imekaa siku tano kwenye buti na magunia ya watu, huku hicho kitu kinakula na kunenepa? Nilipoishika nilipiga kelele, mwanangu akatoka mbio akidhani nimejidunga. Kama si dada yangu ningekutukana, na kwa kuwa ni dada yangu nimeshakutukana, ila hukunisikia.

Tumejishika kama ulivyosema. Mimi sawasawa pande zote. Mtoto sawasawa pande zote. Tumerudia mara tatu, tumemeza mate mpaka tumekwisha, kisha tumekaa chini tukalia, mimi na yeye, mkasi na vitambaa vimetapakaa.

Sikuifungua. Na sitaifungua. Huwezi kunipa mimi maneno ya kukuua au kukuponya nikae nayo peke yangu huku, nikuchagulie la kukwambia. Kazi hiyo nimeshaifanya mara moja katika ukoo huu na unaona ilivyokwenda.

Ijumaa nafika. Nimefunga duka, nimeandika mlangoni "fundi kasafiri". Mtoto yuko kwa baba yake. Bahasha nimeishonea ndani ya blauzi yangu, atakayeitaka anichane kwanza. Nikishuka tunakwenda moja kwa moja mlango wa tatu kulia, na safari hii sikai kwenye benchi. Daktari akinitoa nitamshika koti.

Nami naogopa, dada. Naogopa mpaka meno yananiuma. Lakini nakuja. Usinikimbie.

Sindano


Wodini, Ijumaa, 12 Aprili. Kwenye daftari moja, kitanda cha pembeni.

Sindano, acha kuniandikia. Anayenyamaza ni mimi, masikio yangu mazima. Sema kwa mdomo kama watu.
Dada

Ninaandika kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na yule bibi wa kitanda cha pili amechoka na kilio changu. Ulipoamka daktari alikuwa ameshapita. Nikuandikie alichosema?
Sindano

Uligeuza uso nilipokuangalia. Nimekuona. Andika yote, usinilainishie.
Dada

Ilikuwa saratani kweli, kama bahasha ilivyosema. Ameitoa tezi nzima na kile kidogo cha juu ya mtulinga. Anasema kwa macho yake hajaona kingine. Baadaye utakunywa dawa yenye mionzi na kukaa chumba cha peke yako siku chache, kisha vidonge kila siku mpaka uzeeni. Amesema "mpaka uzeeni". Nilimfanya arudie.

Ile neva yako ya kushoto ilikuwa imeshikana na uvimbe. Ameibandua polepole, amesema imemchukua muda kuliko kazi yote nyingine. Haikukatika. Kama itafanya kazi hajui. Amesema wewe ndiye utakayetuambia, ujaribu kusema leo.
Sindano

Sitaki.
Dada

Dada, ni tangu jana. Muuguzi amekuja mara mbili. Sema hata neno moja, hata tusi.
Sindano

Sijakataa kwa ubishi. Nisipojaribu bado inawezekana sauti ipo. Unanielewa? Nikijaribu ikawa haipo, basi haipo tena, na nitakuwa nimeisikia mimi mwenyewe ikikosekana. Niache nayo hivi kwa leo. Nenda kachote chai, koo lako limekauka, naliona linavyopanda na kushuka.
Dada

Naenda. Usishuke kitandani. Narudi sasa hivi.
Sindano

Umerudi na chai imepoa na nusu umeimwaga kwenye gauni. Umekaa kama mtu aliyeona jini na hunitazami. Nini? Daktari amekuita? Amesema kingine? Andika, Sindano, usinifanyie tena yale ya mama.
Dada

Daktari sijakutana naye.

Dada, ulijaribu. Ulingoja niondoke ukajaribu.
Sindano

Nilikuita. Mara moja tu, nikidhani uko mbali. Nikasikia kitu kama ufagio unaokwaruza, nikanyamaza. Si sauti ile. Kwa hiyo ulisikia.
Dada

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia. Nilirudi nyuma hatua mbili, ndipo chai ikamwagika. Ile miezi ya mwisho sauti ya mama ilikuwa imekauka hivyohivyo, akiniita kutoka chumbani, nami nilikuwa nachelewa makusudi kwa sababu niliogopa kuisikia. Ulipoita nilidhani ni yeye.

Kisha nikakumbuka kwamba yule aliyeita yuko hai.

Naweka kalamu chini. Niite tena.
Sindano